Mwanasesere wa Marehemu

Tuseme jamaa moja hapa Fungurume imemzika binti yake mdogo. Mwanasesere wake amebaki kitandani. Usiku mama husikia kilio hapo. Jirani asema: "Pepo amemwingia." Je, tumwambie mama huyu nini?

Kwanza tusimcheke. Mfiwa huisikia sauti aliyoizoea hata nyumba ikiwa kimya. Wala Kanisa halikani kwamba shetani yuko; lakini lataka kwanza ipambanuliwe kama si ugonjwa, na kanuni ya 1172 ya sheria yake ya 1983 haimruhusu padri kumfukuza pepo kwa mtu pasipo ruhusa ya Askofu.

Hatari ni hii: hofu haikai katika kitambaa. Kesho itauliza, "Nani amemtuma?" na kidole kitamwelekea bibi, au mtoto aliyebaki. Sheria ya Kongo ya 2009 humwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Lakini mara nyingi mtoto amekwisha kufukuzwa nyumbani.

Basi, ndugu, tukeshe na mama huyo, na tumwombee marehemu katika Misa. Binti yake yuko mikononi mwa Mungu, hayumo katika mwanasesere. Mtoto aliye hai ndiye aliyewekwa mikononi mwetu.