Kijiko cha Kwanza cha Mtoto Anayecheua

Leo nasema na wewe mama ambaye kanga ya begani haikauki, kwa kuwa mwanao hucheua kila anyonyapo. Ametimiza miezi 6, na unaogopa kumwanzishia chakula. Usiogope, mwanangu. Msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo lake bado ni mchanga, ndiyo maana maziwa hurudi. Kwa watoto wengi hali hii hutulia wanapokaribia mwaka mmoja au kupita kidogo.

Kinachoniuma ni ule ushauri wa kumkorogea mtoto wa miezi 3 uji kwenye chupa ati maziwa yatulie. Hapana jamani! Shirika la Afya Duniani linahimiza maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Sasa ponda boga au kiazi kitamu, laini lakini kizito, kisichuruzike kijikoni. Mpakate akiwa wima, mpe vijiko viwili vitatu, na aendelee kunyonya. Akigeuza uso, usimlazimishe. Kisha mbebe wima kama nusu saa, hata vyombo vikikungoja.

Lakini akitapika kijani au damu, au uzito wake kwenye kadi ya kliniki hauongezeki, mpeleke kituo cha afya leo hii.