Hija ya Miguu na Kisu cha Tabibu

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hana budi kupasuliwa, naye akaomba muhula ili kwanza aende hija kwa miguu, je, amkimbia tabibu au amtafuta Mola? Swali hili lina mahali pake kwa aendaye hija Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, ambako tarehe 28 Novemba 1964, katika uasi wa Simba, waliuawa mamisionari Luigi Carrara na Vittorio Faccin huko Baraka, kisha Giovanni Didoné na padri Albert Joubert huko Fizi, wote wanne wakatangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Fadhila ya mwendo mrefu, kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika kupanda milimani, si kwamba huponya, bali kwamba hunyamazisha nasaha kinzani za jamaa, hata mja akapata kujiuliza kwa utulivu kama akiogopacho ni kisu au ni mauti. Carrara, aliyechagua kufa kando ya nduguye Faccin, hatufundishi kuyatamani mauti, ila kwamba hiari hubaki hata katika dhiki. Waislamu nao wana istikhara, sala ambayo kwayo mja huomba uongozi kisha hutenda. Na kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia, sura ya 38, humwagiza mgonjwa asali, na pia ampe tabibu nafasi yake.

Basi, ikiwa maradhi yastahimili kungoja na tabibu ameridhia, nenda. La sivyo, ielekeze hija yako hospitali, wala usidhani kwamba imani yako imepungua.