Dufu halali, udi haramu?

Mwaka 1914, wataalamu wa muziki Erich von Hornbostel na Curt Sachs walichapisha mjini Berlin mfumo wa kuzigawa ala za muziki ambao makumbusho mengi yanautumia hadi leo. Waliuliza jambo moja: ni kitu gani kinachotikisika hata sauti ikatoka? Chombo chenyewe kikitikisika, kama kayamba, hiyo ni familia ya kwanza. Ngozi iliyowambwa ni ya pili, nyuzi ya tatu, hewa ya nne. Za umeme ziliongezwa baadaye. Kila aina ikapewa namba kama vitabu vya maktaba. Tari, yaani dufu, duara la mbao lisilo na mpini lililowambwa ngozi upande mmoja, likaangukia 211.311.

Familia hizo nne hazikuzaliwa Ulaya. Natyashastra, kitabu cha kale cha Wahindi, kilikuwa nazo karne nyingi kabla. Wachina wao walihesabu nane, kwa kutazama mali ghafi: jiwe, hariri, kibuyu, udongo na kadhalika.

Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alizigawa ala kwa kipimo kingine kabisa. Katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din anasema utamu wa sauti peke yake hauharamishi kitu, maana hata ndege huimba na hakuna aliyekataza kuwasikiliza. Udi na rababu, ala za nyuzi, pamoja na zumari ya Kiiraki zimekatazwa kwa sababu ni ada ya walevi. Kisha anatoa mfano ambao ni vigumu kuusahau: watu wamekaa barazani, vikombe vimepangwa, mnyweshaji anawazungushia, nao wanaitikiana kama wanywaji wa mvinyo. Kilichomo vikombeni ni sikanjabini, sharubati ya siki, kinywaji halali. Hata hivyo kikao hicho ni haramu, kwa kuwa kinawaiga walevi.

Kwa kipimo hicho ala zilizo ndugu katika mfumo wa Berlin zinatengana. Dufu na kuba, ngoma ndefu yenye kiuno chembamba, zote ni za ngozi. Ghazali anaruhusu ya kwanza na kukataza ya pili. Filimbi ya wachungaji inapita, zumari ya Kiiraki haipiti, ingawa zote zinalia kwa pumzi.

Msomi wa sauti ataona huo ni mgawanyo mbovu. Mbovu kwa kabati la makumbusho, labda. Lakini ala haipigwi kabatini. Hupigwa mbele ya watu, na Ghazali aliuliza ni watu gani.

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki ni Mashafii, kama Ghazali mwenyewe, na mjadala huu wanaujua. Mwanachuoni Habib Swaleh alipoingiza matari katika maulidi ya Lamu, walikuwapo wakubwa wa mji waliochukizwa. Unguja nako, udi na kanuni, ala nyingine ya nyuzi, ni uti wa mgongo wa taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Je, ala ikihama kwa walevi na kupata wasikilizaji wengine, hukumu yake nayo ibadilike? Ghazali anaacha nyuzi zote upande wa haramu, na hoja yake mwenyewe inamsukuma msomaji aulize kama zilipaswa kubaki huko.

Kuhusu dufu, hata hivyo, hakuacha shaka. Anayemtaja Ghazali ili kunyamazisha matari ya maulidi amemsoma nusu.