Sado ya Kiganja

Kiswahili kina kitenzi ambacho hakijawahi kuniacha nitulie: kukinai. Aliyekinai ameridhika na alichonacho. Lakini hata aliyekula asali mpaka ikamchusha, naye tunasema amekinai. Utulivu na kichefuchefu vimelala kitanda kimoja.

Nililelewa Mbulu, nyumba ya watoto saba. Mwezi wa pili na wa tatu ndiyo ilikuwa miezi migumu, mahindi ya shambani bado machanga, na gunia la mwisho limeshalegea mdomo. Mama alipima kwa sado. Aliijaza, kisha akapitisha kiganja juu yake polepole, punje zilizozidi zikarudi guniani. Hata punje iliyoangukia sakafuni aliiokota. Kila jioni ilikuwa hivyo, na makande yetu yalitoka kwenye sado hiyo iliyosawazishwa.

Ila mtoto wa jirani akija ametumwa kuomba mahindi, sado yake haikupitishwa kiganja. Iliondoka na lumbesa. Mimi niliyekuwa na njaa niliona ni uonevu mtupu, na nilinung'unika. Mama hakunijibu.

Leo naona kwamba pale palikuwa na hoja nzima. Tumezoea kudhani kubana matumizi ni kulinda kilicho ndani, kufunga mlango mapema. Kwake yeye kubana kulikuwa kwetu, ili mkono ubaki mpana kwa wengine. Sado ile iliyosawazishwa ndiyo iliyolipia ile yenye lumbesa.

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wana desturi ya zamani inayofuata njia hiyohiyo. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizini mwake. Anamweka mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa bonde la pili. Anayemtunza anakunywa maziwa na kupeleka samadi shambani, na kwenye miteremko ya Kainam, ambako vishamba vidogo vimelisha watu vizazi kwa vizazi, samadi si kitu cha kudharau. Ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Ni kweli kwamba hiyo ni kinga: ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi. Lakini tazama kinachotokea moyoni mwa watu. Maskini ana maziwa asiyoyaonea haya, na tajiri hawezi kuhesabu utajiri wake bila kutaja majina ya watu.

Katika wilaya hiihii ya Mbulu, bonde la Yaeda Chini, wanaishi Wahadzabe. Mwaka 1966, kwenye mkutano wa Chicago, mwanaanthropolojia Mmarekani Marshall Sahlins aliwaita wawindaji na wakusanyaji jamii ya kwanza iliyoshiba, na baadaye aliitetea hoja hiyo kwa kutumia pia habari za Wahadzabe zilizoandikwa na James Woodburn. Alisema njia za kutosheka ni mbili: kuzalisha kingi au kutaka kidogo. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona imeruka jambo. Mhadzabe akiangusha mnyama mkubwa, nyama ni ya kambi nzima. Anaweza kulala bila akiba kwa sababu kesho mshale wa mwenzake utamlisha. Ukimwondolea wenzake, huko kutaka kidogo kunageuka kuwa njaa.

Ndiyo maana sipendi kusikia maskini akihubiriwa kinaa. Wabarbaig wa Hanang walipoteza malisho yao bora ya Basotu kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Kumwambia mfugaji aliyenyang'anywa nyasi kwamba aridhike ni kumwibia mara ya pili. Kinaa ya kweli haiamriwi na aliyeshika ufunguo wa ghala.

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Siku zile niliwaza sana juu ya akiba. Kilichowekwa ndani ya nyumba, kiwe kingi au kichache, kilikwenda na nyumba. Ng'ombe aliyewekwa kwa shemeji Dongobesh, tope halimfikii. Wala halifikii sado uliyompa mtu mwaka juzi, ambayo yeye bado anaikumbuka.

Sasa ninaishi mjini na familia yangu. Tunanunua mahindi kwa sado, na kiganja nakipitisha kama mama. Hilo nimelijua vizuri. Mama akipiga simu haulizi tuna nini ndani. Anauliza, "Wiki hii nani amekula kwenu, mwanangu?" Kuna wiki nyingine nakosa jina la kumtajia.