Kapera wa Vyumba 52

Je, nyumba ya mtu aliyekalia ardhi yetu tuifanyeje akishaondoka? Swali hili hunijia kila ninapoona picha za maharusi zilizopigwa kwenye kasri la Lord Egerton, kule Ngata, njia ya Njoro. Maurice Egerton alianza kulijenga 1938, likakamilika 1954, naye akafariki 1958 bila mke wala mtoto. Husimuliwa kwamba alikataliwa na mwanamke, basi akawapiga marufuku wanawake wote kukanyaga kwake. Leo wapenzi ndio wanaojaa pale. Dunia hii, bana!

Wapo wanaosema majumba ya walowezi yaachwe yaanguke. Mimi siafiki. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Yaani aliyepewa mwaka huo alitarajia wajukuu wa wajukuu zake wawe hapa hadi 2914. Ukimwambia kijana hivyo atadhani unamtania. Mpeleke Ngata aguse ukuta, ataona kwamba aliyejenga vile hakuwa na nia ya kuhama.

Lakini hapa kwetu Bondeni ndipo hoja inaponikaba. Serikali ya ukoloni ilimwona Mwafrika mjini kama mpita njia. Mwanamume mwenye mke na watoto kijijini alihesabiwa kapera, akapewa chumba kimoja. Kapera wa kweli akajijengea vyumba 52. Na wale waliolima mashamba yenyewe walilala kwenye vibanda vya udongo na nyasi, vitu visivyoacha gofu. Mvua za misimu michache tu, na mahindi yameota juu yake. Kwa hiyo tukisema tuhifadhi kilichobaki, tayari tumekubali mgawo wa zamani: aliyenyimwa mawe ananyimwa na kumbukumbu pia.

Pwani, karibu na Mtwapa, kuna magofu ya mji uliohamwa karne ya 15. Yanaitwa Jumba la Mtwana. Kati ya majina yote yaliyowezekana, limedumu la mtumwa, si la bwana wake. Jina halihitaji saruji.

Basi nikapendekeza kwa mzee mmoja jirani yangu kwamba, wakati magorofa ya nyumba za bei nafuu yanapanda hapa Bondeni, chumba kimoja cha zamani kiachwe kilivyo, watu waingie wakione. Alinicheka. "Humo tulilala watu saba, mwanangu, na wewe wataka kukiwekea tiketi? Bomoeni, watoto walale pazuri."

Sikuweza kumbishia. Haki ya kusahau chumba kile anayo yeye aliyelala humo. Ila mjukuu wake, ambaye wikendi hupanda matatu ya Njoro kwenda kupiga picha kasrini, bado hajaulizwa.