Mirihi na Uwezekano wa Uhai

Kuuliza kama Mirihi, sayari ya nne kutoka kwenye Jua, iliwahi kuweza kubeba uhai si sawa na kuuliza kama uhai uliwahi kuwepo huko. Swali la kwanza lahusu uwezekano, yaani kutimia kwa masharti yanayoruhusu jambo litokee, ilhali la pili lahusu tukio, yaani kutokea kwa jambo lenyewe. Maswali haya yakichanganywa, ushahidi wa moja huchukuliwa kuwa jibu la jingine.

Swali la kwanza limekwisha kupata jibu lenye uzito. Chombo cha Curiosity kilitua mwaka 2012 katika kreta ya Gale, bonde la mviringo lililochimbwa na mgongano wa kimondo, kikatoboa mwamba uliotokana na tope la ziwa la zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Humo kilikuta udongo wa mfinyanzi unaoashiria maji yasiyo na asidi wala chumvi nyingi, pamoja na kaboni, nitrojeni, fosforasi na elementi nyingine ambazo seli hujengwa kwazo. Lakini Mirihi, yenye kipenyo cha takriban nusu ya kile cha Dunia, ilipoteza mapema ugasumaku wake, yaani eneo la nguvu za sumaku lililoikinga dhidi ya chembe zitokazo kwenye Jua, na sehemu kubwa ya angahewa yake ikavujia angani, hata kanieneo yake leo haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia. Kwa hiyo kuufaa uhai si sifa ya kudumu ya mahali, bali ni muhula unaoanza na kwisha.

Je, muhula huo ulitosha kuleta uhai? Wanafalsafa hutofautisha sharti la lazima, ambalo bila hilo jambo haliwezekani, na sharti toshelezi, ambalo likiwepo jambo halina budi kutokea. Kwamba maji ni sharti la lazima kwa uhai unaojulikana ni wazi. Kama yanatosheleza pamoja na elementi na muda, Dunia peke yake haiwezi kuamua, kwa kuwa viumbe wake wote hutumia mfumo mmoja wa urithi, dalili ya asili moja, na kwa kuwa pasipo uhai asingekuwepo wa kuuliza.

Mirihi ndiyo inayoweza kuvunja upweke wa mfano huo mmoja wa Dunia, ingawa kwa tahadhari. Mwaka 1976 udongo wake ulitoa gesi ulipopewa virutubisho na vyombo vya Viking, lakini wanasayansi wengi waliona humo kemia tu; tena vimondo kutoka Mirihi vimepatikana Duniani, hivyo uhai wa huko ungeweza kuwa ndugu wa huu wa hapa badala ya kuwa mwanzo wa pili. Vilevile, ziwa moja lisilo na dalili za uhai halithibitishi kwamba sayari nzima haikuwa na uhai. Hata hivyo, kama utafiti wa maziwa mengi yaliyofaa utaendelea kutokuta kiumbe, hilo halitakuwa kushindwa kwa utafutaji, bali litatia nguvu hoja kwamba maumbile hayalazimiki kuzaa uhai kila yanapoweza, na kwamba uhai wa Dunia ni tukio ambalo lingeweza kabisa kutotokea.