Kumrudia Wakala Aliyekataa

Je, ni utovu wa haya mwandishi kumrudia, kwa mswada mpya, wakala aliyekwisha kumkataa? Wengi husema ni kujidhalilisha. Husema hivyo kwa kudhani kuwa aliyekataliwa ni mtu, hali kilichorudishwa ni karatasi. Kurudi na karatasi zile zile ni usumbufu, na wakala ana haki ya kuchoka. Kurudi na kazi nyingine ni kukiri kwamba huenda hukumu ya kwanza ilikuwa ya haki. Kukiri huko ni kuchungu, hata kwa mnyenyekevu.

Agatha Christie wa Uingereza, angali msichana, alimpelekea wakala Hughes Massie riwaya yake. Massie aliirudisha, akamshauri aanze nyingine. Baadaye Christie alipata mchapishaji bila wakala. Kitabu kikatoka mwaka 1920, kwa mkataba uliomfunga kutoa vingine vitano kwa malipo haba. Ndipo aliporudi katika ofisi ile ile iliyomkataa. Massie alikuwa amekwisha kufa. Alipokewa na kijana, Edmund Cork, akawa wakala wake kwa miongo mingi.